Wifi katuwekea meza mgahawa wa kishua kule Disney, mume kang'ang'ania kaunda suti. Tuvae nini jamani?

BintiGungu

Habari zenu humu ndani, naombeni msinicheke maana hili swali hata kwa majirani nimeshindwa kuuliza wataanza kusema najidai. Mimi niko Kigoma, nyumbani Gungu biashara Mwanga, na sijawahi kuvuka mpaka zaidi ya Bujumbura kwenda kufungasha vitenge. Sasa wifi yangu, dada yake mume wangu, yupo Orlando huko Florida Marekani mwaka wa 9 huu, kazi yake unesi, na mwaka huu kaamua kumwita mama yake akatembee na sisi tumsindikize, yaani mimi, mume, na watoto wawili, wa kiume miaka 10 wa kike 6. Viza zimetoka alhamdulillah, tunaondoka mwezi wa 6 mwishoni shule zikishafungwa.

Tatizo sio safari tena, tatizo ni nguo. Wifi katuwekea meza mbili siku moja. Ya kwanza mchana, ndani ya lile kasri la Cinderella kwenye hiyo bustani yao ya michezo inaitwa Magic Kingdom. Ya pili usiku, California Grill, ipo ghorofa ya 15 juu ya hoteli ya Contemporary, anasema mnakula huku mnaangalia fataki zinapigwa kule kwenye kasri. Nikamuuliza wifi tuvae nini, akanijibu "vaeni vizuri tu, ni sehemu ya heshima" halafu akakata simu anawahi shifti. Sasa vaeni vizuri ndo nini?? Mimi kuvaa vizuri ninakokujua ni gauni la kitenge lenye mkia, kilemba cha maana na mchuchumio. Kitenge nimeshampa fundi, namuomba Mungu fundi awe hajakikata.

Mume wangu yeye katoa kabatini kaunda suti ya rangi ya ugoro aliyoshonewa harusi ya mdogo wake 2016. Anasema hiyo ni suti, jina lenyewe linasema suti, anayebisha amletee kamusi. Mama mkwe ni mtu wa Ujiji, baibui lake, mtandio na makubazi, na ameshatangaza raba havai, raba ni za wanafunzi. Mtoto wa kike anataka aingie kama binti mfalme kabisa na taji. Wa kiume anataka jezi.

Nisaidieni kabla sijapata presha.

EmbeDodo

Mimi wa Tabora ila nilikaa Florida miaka 6 nasoma, na Disney nimeenda mara nyingi kuliko nilivyoenda kwa shangazi yangu Urambo, aibu hii. Dada tulia, umetishwa bure. Hizo sehemu mbili alizokuwekea wifi hakuna hata moja inayodai suti.

Tuanze na kasri. Hapo panaitwa Cinderella's Royal Table na pako ndani ya bustani yenyewe, maana yake kila anayekula pale ametoka kwenye mabembea na foleni za juani, ana jasho kama wewe. Utakuta mwenye pensi na tisheti amekaa meza ya pili na mwenye gauni la sherehe, wote wanakula. Mgahawa uko juu, kuna ngazi za kuzunguka ila lifti ipo, mama mkwe apelekwe kwa lifti. Mtoto wako wa kike avae ubinti mfalme wake wala usimkatalie, watajaa wenzake pale mpaka umpoteze, na ndani ya kasri hilo hilo kuna saluni ya kuwapamba watoto, ila bei yake uulize ukiwa umekaa. NYIE wakubwa ndo hamruhusiwi, kuanzia miaka 14 kwenda juu huingii na vazi la kuigiza mhusika. Kitenge sio vazi la kuigiza usiogope.

Lakini huo mkia wa gauni, hapo simama kwanza. Kwenye kanuni zao za mavazi ndani ya bustani wamekataza nguo inayoburuza chini, sababu watu wanajikwaa. Na hata wasipokusimamisha wewe fikiria mkia wa kitenge kwenye umati ule na vigari vya watoto, saa moja tu utakuwa umekanyagwa na mataifa yote.

Huko juu California Grill ndo kwa kishua kweli, ila kishua cha likizo. Wanachotaka nguo iwe safi, nadhifu, haijachanika, haina maandishi ya matusi, na nguo za kuogelea hapana. Mwanaume akiwa na kadeti na shati la kola amemaliza. Mwanamke gauni la kawaida la kutokea amemaliza.

Mgahawa wa kutisha upo, unaitwa Victoria & Albert's, uko hoteli ya Grand Floridian hapo hapo jirani, ulifunguliwa 1988 na mwaka 2024 ukapata nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa. Kule ndo utasikia habari za koti na viatu rasmi, jinzi hapana, pensi hapana, raba hapana, na mtoto chini ya miaka 10 haingii kabisa. Nadhani watu wanasikia habari za huo halafu wanadhani kote ni hivyo. Wifi hajakuwekea huo, na una mtoto wa miaka 6 hata asingeweza.

Halafu mwambie mumeo kijana wenu wa miaka 10 kule anahesabiwa mtu mzima, kwenye tiketi na kwenye chakula, bei ya mtoto inaishia miaka 9. Bora mjue mapema isije ikaonekana wifi kakosea hesabu.

MzeeWaBehewa

Kaunda suti kwenye kasri la Cinderella hahahaaa naomba picha. Mwambie shemeji asisahau peni mfukoni.

BintiGungu

@EmbeDodo asante sana tena sana, umenitua mzigo. Nimekimbia kwa fundi saa hizi hizi, mkia ulikuwa umechorwa kwa chaki bado mkasi haujapita, tumepunguza uishie juu kidogo ya kifundo cha mguu. Sasa swali, hizo sehemu mbili ni siku moja, narudi kubadilisha wapi? Wifi anakaa mbali, anasema kwa gari ni dakika 40.

@MzeeWaBehewa wewe cheka tu, peni anazo mbili.

ZuhuraKatonga

Shosti hapa kwenye kubadilisha ndo naingia mimi, maana yalinikuta na nitasema yote. Mwaka juzi nilimfuata mume wangu alikuwa kwenye kozi ya miezi mitatu Florida, wikiendi moja tukaenda Disney, jioni tukawa na mwaliko kwenye mgahawa, siutaji. Mimi nikasema siwezi kutembea siku nzima na nguo za kawaida halafu jioni nianze kutafuta pa kubadilishia, navaa moja kwa moja asubuhi. Nikatinga kitenge changu kipya cha bluu na mchuchumio mweupe, huo urefu wa kisigino sasa kama nakwenda kichen pati.

Mpaka saa 5 asubuhi miguu imevimba. Watu hawaambiwi ukweli kuhusu sehemu zile, ile sio bustani ya kukaa, unatembea kama kutoka Mwanga mpaka Ujiji kwa mguu halafu unarudi, na katikati unasimama foleni. Saa 9 mchana mbingu ikafunguka. Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 ni vumbi na upepo wa ziwani, unasahau kabisa kama kuna kitu kinaitwa mvua, kule ndo msimu wake, karibu kila mchana radi na maji kama yanamwagwa kwa ndoo, nusu saa imekata jua linawaka tena kama hakijatokea kitu. Mimi nilikuwa katikati ya uwazi. Kile kitenge kilikuwa cha bei chee na sikuwa nimekifua hata mara moja, nilitoa kwa fundi nikapiga pasi nikafungasha. Kikachuja. Yaani ninaangalia chini naona maji ya bluu yanatiririka kwenye miguu, yanaingia kwenye kiatu cheupe, vidole vyote bluu. Mtoto mmoja wa kizungu akamvuta mama yake kumwonyesha, alidhani na mimi ni sehemu ya maonyesho.

Jioni mgahawani nimefika sijakataliwa, walinipokea vizuri sana tu, ila nilikula chakula cha gharama ile nikiwa nimeficha miguu chini ya meza, na kiyoyozi kinapiga mpaka meno yanagongana maana nguo bado mbichi. Sikumbuki hata nilikula nini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kitenge kifue kwanza, loweka na chumvi, fua tena mpaka maji yatoke meupe, ndo kiende kwa fundi. Kama fundi ameshakata basi fua hivyo hivyo. Mchana vaa gauni jepesi na raba au sandozi iliyozoea mguu wako, isiwe mpya. Pale karibu na mlango wa kuingilia kuna makabati ya kukodi, weka begi lenye gauni la usiku, viatu, na mtandio mzito au kikoti cha baridi. Jioni unachukua unaenda kubadilisha chooni, vyoo vyao visafi. Au subiri ufike hotelini kabisa, kutoka Magic Kingdom kwenda Contemporary kuna njia ya kutembea, dakika kumi hivi umefika, au mnapanda ile treni yao ya juu, inapita katikati ya hoteli, naapa inaingia ndani ya jengo. Ukifika kuna vyoo vya chini, badilisheni hapo ndo mpande lifti.

EmbeDodo

Zuhura nimecheka mpaka nimemwaga chai. Ila ni kweli kabisa kuhusu kiyoyozi, kule nje nyuzi 32 au 33 na unyevu, ukiingia ndani ni friji. Mtandio sio urembo ni dawa. Na huko ghorofa ya 15 kuna baraza ya nje ya kuangalizia fataki, upepo upo, sasa dada kama gauni lako ni pana chini ya kuzunguka usije ukashangiliwa wewe badala ya fataki.

CherehaniMwandiga

Nawasalimu. Mimi ni fundi, miaka 14 kwenye cherehani, nimeona mnataja mafundi nikasema nichangie kwa upande wa kazi.

Dada BintiGungu gauni lako usiweke bitana ya ile laini inayoteleza, mafundi wengi wanaipenda sababu inakaa vizuri kwenye picha lakini haipitishi hewa, kwenye joto la unyevu inagandia mgongoni unakuwa kama umefungwa nailoni. Omba bitana ya pamba, au kifuani tu, chini acha wazi. Mikono fanya mifupi ya kawaida, zile za puto zilizojaa gundi na karatasi ngumu zikikunjwa kwenye begi hazirudi, utafika nazo zimebonyea upande mmoja. Kitenge kikunje kwa kuviringisha kama mkeka sio kwa kupanga, mistari inapungua. Kilemba usishone kile kigumu cha kuvaa kama kofia, beba kitambaa chako tu utafunga kule kule, na mchana usikifunge kirefu, wa nyuma yako nao wamelipa kiingilio wanataka kuona.

Sasa kaunda suti. Mimi naomba nimtetee shemeji. Watu wanaicheka kwa sababu ya wazee wa ofisini wa zamani, ila ukiitazama kwa jicho la fundi ni vazi lililofikiriwa kwa ajili ya joto. Mikono mifupi, kola ipo, huhitaji shati ndani wala tai, mifuko minne, suruali ya kitambaa kile kile. Mgahawa umesema nguo nadhifu, hiyo ni nadhifu kuliko shati lililochomekwa na tumbo likalichomoa. Shida yangu ni moja tu, 2016. Dada muulize ukweli, vifungo vinafunga? Kama havifungi aniletee Mwandiga, nitafungua mshono wa pembeni, fundi mzuri huwa anaacha sentimita mbili za akiba. Na rangi ya ugoro na kitenge chako chagua kitenge chenye kahawia ndani mtaonekana mmepanga.

Mwanamji_Tz

Mimi naona mnajisumbua. Mnaenda nchi za watu mnatumia mamilioni halafu mnaanza kuhangaika wazungu watatuonaje. Kule hakuna anayekuangalia, vaa mtumba wako wa Mwanga, jinzi na tisheti, kula rudi. Na hela ya huo mgahawa ningejenga msingi.

ZuhuraKatonga

@Mwanamji_Tz hela ni ya wifi, wewe jenga na yako.

BintiGungu

@Mwanamji_Tz kaka sijasema wazungu watatuonaje. Mimi nawaza wifi. Yule kaka yake na mama yake hajawaona miaka 9, kaweka meza siku 60 kabla anasema aliamka alfajiri kupambania nafasi, halafu nimtokee na tisheti ya kampeni? Atanielewa kweli huyu? Anaweza asiseme kitu ila picha zitakaa ukutani kwake.

@CherehaniMwandiga kaka umegusa penyewe. Nimemvalisha jana usiku. Kifungo cha juu kimefunga, cha pili kimefunga, cha tatu akavuta pumzi kikafunga, akakaa kwenye kiti kikaruka mpaka chini ya kabati. Kijana wetu kakitafuta na tochi ya simu. Kwa hiyo tunakuja Mwandiga Jumamosi, andaa huo mshono.

CherehaniMwandiga

Karibuni. Mje kabla ya saa 6, baadae nina sare za kwaya.

MzeeWaBehewa

Nimewacheka sana ila na mimi niseme la maana moja. Mama mkwe. Mnaongelea magauni, bi mkubwa hajaongelewa. Makubazi ya ngozi na mvua aliyosimulia Zuhura haviendi, ngozi ikilowa inanuka na inateleza, na mama wa umri ule akianguka safari imeisha. Mama yangu mzazi tulimpeleka hijja, naye alikuwa hivyo hivyo raba hataki, mdogo wangu akamnunulia raba nyeusi tii haina michirizi wala maandishi, za kuchomeka bila kamba. Baibui likishuka kiatu hakionekani. Usimwambie ni raba, mwambie ni viatu vya safari. Baibui tu lisiwe la kuburuza, mpunguzie vidole viwili.

Na mgahawani baibui na mtandio ni vazi la heshima popote, asibadilishe kitu, labda lile la kutokea lenye nakshi mikononi. Kuhusu chakula wifi aongee nao mapema kama mama anataka nyama ya halali, sio mnafika mezani ndo mnaanza kuuliza mhudumu.

EmbeDodo

Mzee umenena. Na bi mkubwa kuna kitu atakipenda kuliko kasri. Pale mnapoegesha gari sio bustani yenyewe, kuna maji katikati, ama mnayazunguka kwa ile treni ya juu ama mnavuka kwa feri. Mchukueni na feri. Mtajisikia mpo Kibirizi mnasubiri boti ila hakuna anayewapigia kelele za magunia.

Na wa kiume jezi avae mchana, hakuna shida, usiku mvalishe shati. Kofia avue mezani.

BintiGungu

Jamani nawashukuru wote, mpaka na wewe Mwanamji. Nimeandika kila kitu nimembandikia mume kwenye friji. Mchana mimi gauni jepesi la pamba na raba zangu nyeupe za zamani, usiku kitenge (nimekifua mara tatu, mara ya tatu maji bado yalikuwa na uwekundu kidogo kwa hiyo kesho ya nne), sandozi za kisigino kifupi, mtandio. Mchuchumio unabaki Kigoma. Mume mchana kadeti na shati la mikono mifupi, usiku kaunda suti, nimekubali, nimeshindwa. Binti gauni lake la kifalme mchana na leginzi ndani, usiku gauni la Idi. Begi moja la kukodishia kabati.

Wifi nimempigia leo nikamsomea orodha. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata, kumbe analia, anasema baba yao marehemu alikuwa na kaunda suti rangi hiyo hiyo. Mimi sikujua. Mume alijua, hakusema kitu siku zote hizo anabishana na mimi habari za kamusi.

Mama mkwe amevaa viatu vya safari tangu juzi, analala navyo pembeni ya kitanda. Nimemwambia habari ya feri akauliza ng'ambo ya pili wanaanika dagaa au migebuka.